Mbege na Hesabu ya Kurudi Nyuma

Kilabu kipya kiko Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kando ya barabara inayopanda katikati ya migomba, mkabala na banda la mabanzi lililofanya kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi na ambalo sasa limegeuzwa stoo ya kuni. Kina sakafu ya saruji yenye rangi nyekundu, bati jipya, mabenchi yaliyojengewa ukutani na dirisha pana linalotazama kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani. Leseni imetiwa kwenye fremu na kutundikwa juu, mahali ambapo afisa yeyote ataiona kabla hajaiulizia, maana pombe ya kienyeji nayo ina sheria yake, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968.

Nyuma ya kaunta zimepangwa ndoo za plastiki zenye koki. Hilo ni wazo la mtoto wa mwenye kilabu, kijana anayefanya kazi Dar es Salaam, ambaye ndiye aliyetoa fedha za bati. Huko mjini ameona bia ikitoka bombani: mteja anasogeza glasi, mhudumu anavuta kishikio, basi. Akataka na mama yake awe na bomba. Mama hakubisha. Alijaza ndoo mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, akafungua koki, ikatoka nzito, imejaa unga, ikapungua, ikaanza kudondoka tone moja moja, ikaziba.

Mbege ina unga wa ulezi ndani yake, na unga hupenda kuzama. Anayekinga chini anapata uji, anayechota juu anapata maji machachu, na wote wawili watalalamika. Ndiyo maana mbege hukorogwa kila inapochotwa: kata inaingia pipani, inazungushwa mara moja hadi chini, inapanda imejaa. Mama anafanya hivyo bila kutazama, huku anaitikia shikamoo ya mtu wa mlangoni. Ndoo mbili kati ya zile sasa zina maji ya kunawa mikono, na kwa kazi hiyo zimefaa sana.

Nilichofuata mimi kiko nyuma ya jengo, kwenye mafiga. Kilabu ni saa ya mwisho tu ya kazi iliyoanza karibu wiki mbili kabla, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kusubirisha vitu viwili visivyokwenda kwa mwendo mmoja. Ndizi zinahitaji siku kadhaa za kuiva, siku moja ya moto, kisha karibu wiki nzima ya kuchachuka. Ulezi unahitaji siku chache za kuota na nyingine za kukauka. Siku ya kuchanganya, vyote viwe tayari, kisiwepo cha kumngojea mwenzake, kwa sababu cha kungoja kitaharibika. Na mbege ikishachanganywa ina siku mbili za kunyweka kwa raha, tatu kwa wanaopenda uchachu. Kwa hiyo mpika mbege hahesabu kutoka leo kwenda mbele. Anaishika siku ya kunywa, iwe ya gulio, Jumapili baada ya ibada, au siku ya posa ya mtu, kisha anarudi nyuma nayo: jana yake kuchanganya, juma moja kabla ya hapo kupika, siku kadhaa kabla ya kupika kuvundika, na katikati ya hayo yote kuloweka ulezi. Hesabu hiyo haijaandikwa popote kwenye kilabu hiki, wala sikumwona akihesabu vidole.

Tuanze na ndizi. Kihamba cha Mchagga kina migomba ya aina nyingi na kila aina ina kazi yake. Mchare ni wa kupikia mtori na machalari, na ukiupikia pombe wazee watakuuliza kama nyumbani kwenu kuna msiba wa akili. Ndizi za pombe hukatwa zimekomaa lakini zingali kijani, kisha zinavundikwa: majani makavu ya mgomba chini, mikungu juu yake, majani tena, gunia, halafu udongo kidogo wa kushikilia joto. Siku ya kufukua, mama huinama na kunusa kabla hajafunua vizuri. Ndizi anayoitaka imeshapita ile ya kuwekwa mezani. Ganda lina madoa meusi, nyama imelegea, inanata vidoleni, imebakiza kidogo tu iharibike. Akikuta mkungu ambao bado ni mgumu anaurudisha shimoni, hata kama ndio uliobaki kujaza sufuria. Sababu inaeleweka. Ndizi changa ni wanga mtupu, na chachu haili wanga, inakula sukari. Kadiri ndizi inavyoiva ndivyo wanga unavyogeuka sukari yenyewe, bila kuni na bila jasho la mtu.

Kisha zinamenywa, zinapondwa, zinatiwa maji na kuwekwa motoni. Asubuhi rangi ni ya njano iliyopauka. Mchana imekuwa kahawia. Alasiri imeingia wekundu wa tofali, na harufu imehama kutoka kwenye tunda kwenda kwenye kitu kilichokaangwa. Hapo ndipo mbege inapoachana na ndugu zake wa nchi za maziwa makuu. Rubisi ya Bukoba, tonto ya Uganda na urwagwa wa Rwanda huanza kwa kukamua ndizi mbivu bila kuzipika, kwa mikono au kwa miguu, pamoja na nyasi zinazosaidia kuachanisha juisi na nyama, kisha juisi huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa. Ni pombe nzuri, nyepesi, na tunda linasikika wazi ndani yake. Mchagga aliamua kuipika ndizi hadi sukari yake ishikane na protini chache zilizomo na vyote vipate rangi. Ladha ya mbege ambayo watu huihangaikia kuieleza, ule utamu wenye moshi kwa mbali, inatoka kwenye saa hizo za jikoni. Faida ya pili haionekani kwa macho: moto umeua karibu kila kijidudu kilichokuja na ganda la ndizi, kwa hiyo kitakachochachua pombe ni kile ambacho mpikaji mwenyewe atakikaribisha.

Anakikaribisha kwenye pipa la mbao. Kijana wa Dar alileta mapipa mapya ya plastiki, ya buluu, na mama anayatumia kwa maji na kwa kuchanganyia. Lakini ndizi zilizopikwa, ambazo sasa zinaitwa nyika, zinakwenda kwenye mbao. Pipa hilo linaoshwa kwa maji ya moto na halionjeshwi sabuni. Bwana afya angependa kulisugua, nami naelewa wasiwasi wake, ila kwenye nyufa za mbao hizo ndiko inakolala chachu ya mapishi yote yaliyopita. Nyika ikimiminwa ikiwa imepoa, chachu inaamka. Zimo chachu za aina nyingi zinazoishi pamoja, pamoja na bakteria wa ukoo wa wale wanaogandisha maziwa, ambao ndio wanaoleta uchachu. Anafunika kwa majani ya mgomba, anaweka jiwe juu, anaondoka. Kukiwa na joto, siku ya pili pipa linaanza kusema. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka kutoka msituni na baridi ikakaa hadi saa tano asubuhi, linaweza kuchelewa siku mbili nzima, na hesabu yote ya kurudi nyuma inabidi iwe imeshazifikiria siku hizo.

Sayansi ilizifikia chachu za pombe za kwetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza chachu aliyoipata kwenye pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Chachu ya mikate huchipua kijitoto ubavuni. Hii ya Lindner hurefuka, kisha hukatika katikati, nusu kwa nusu. Wepesi huo wa kuonekana inavyogawanyika uliwavutia watafiti wa seli, na Mwingereza Paul Nurse, aliyeitumia kuchunguza jinsi seli inavyoamua wakati wa kugawanyika, alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001. Ukoo uliofugwa maabara ulitokana na zabibu za Ulaya, hivyo tusiende Stockholm kudai fungu letu.

Wakati nyika inachachuka, ulezi unaota. Zamani ulilimwa huku huku, kwenye mashamba ya chini yaliyonyweshwa na mifongo, ile mifereji ya mlimani. Siku hizi hupanda mlima kwa gunia. Unaoshwa, unalowekwa usiku kucha, unamwagwa maji, unafunikwa ukiwa na unyevu. Kijimzizi cheupe kinatokeza, na hapo ndipo macho yanapohitajika. Kikiwa kifupi mno, vimeng'enya vya kuvunja wanga havijatosha. Kikiachwa kirefuke, mmea mchanga umeshaanza kula sukari ambayo wewe uliitaka. Mama huchukua punje chache, anazifikicha kiganjani, anatafuna moja. Nilipomuuliza anatafuta nini, alisema, "Iwe na utamu wa uongo." Nilitafuna na mimi. Utamu unakuja, kisha unakimbia kabla hujaushika. Hapo ndipo pa kusimamisha, na cha kusimamisha ni jua. Kibosho jua si la kutegemea, hivyo wakati wa ukungu kimea chake hutelemka na basi hadi kwa dada yake anayeishi tambarare, kikauke kwenye turubai, kirudi kimekauka.

Kimea kilichosagwa ndicho kinachopikwa mso, na mso ndio ulionifanya niombe kigoda nikae.

Unga unakorogwa kwenye maji ya uvuguvugu, sufuria inawekwa juu ya moto mdogo. Mwanzoni ni kazi isiyo na hadithi: mwiko mrefu, mikono miwili, kukoroga. Uji unaanza kushika. Unazidi kuwa mzito hadi mwiko unakwenda kwa shida na mabega yanaonekana yakifanya kazi. Hapa mtu asiyejua angeongeza maji, au angesukuma kuni ndani aivishe upesi amalize. Mama alifanya kinyume. Alivuta kuni moja nje, akaizima kwenye majivu, akaendelea kukoroga polepole zaidi. Hakusema kitu kwa muda mrefu, nami nilianza kudhani uji umemshinda. Kisha, bila kuongezwa chochote, ukalegea. Mwiko uliokuwa ukikwama ukaanza kuteleza. Uliokuwa ugali mwepesi ukawa kitu cha kumiminika, chenye mng'ao, na mama akanichotea kidogo kwenye kifuniko. Ulikuwa mtamu, na hakuna chembe ya sukari iliyoingia.

Kilichotokea kinaweza kuelezwa. Wanga ukipata joto kwenye maji huvimba, ndio ule uzito. Vimeng'enya vya kimea hufanya kazi kwa kasi kubwa kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, vikiukata wanga vipande vipande vya sukari, ndio ule ulegevu. Joto likipanda zaidi ya hapo vinakufa. Ukichemsha haraka unavipitisha kwenye joto lake la kazi bila kuvipa nafasi, na utabaki na uji wa kawaida, mzito, usio na faida kwa pombe. Wapika bia wa Ujerumani na Uingereza hupita njia hiyo hiyo kwa shayiri, wakiwa na vipimajoto na matangi yasiyoshika kutu, na wakifika kwenye joto hilo husimama saa nzima. Mama anasimama papo hapo akiongozwa na uzito wa mwiko. Mwiko ukishakuwa mwepesi, anarudisha kuni, anaacha uchemke kwa nguvu, kazi imekwisha. Wapo wapikaji wanaoruka hatua hii kwa kutia sukari ya dukani na hamira ya mkate. Pombe yao inalewesha vizuri tu. Ila ukiinywa, unasikia sukari upande mmoja na ukali upande mwingine, havijawahi kukutana.

Msesewe nitautaja kwa kifupi, kwa sababu wenyewe pia hutiwa kwa kifupi. Ni gome la mti unaopenda kukaa karibu na maji, chungu sana, Wazungu waliuita mti wa kwinini ingawa kwinini ya kweli hutoka kwenye mti mwingine kabisa wa Amerika ya Kusini. Kazi yake ni kuukata utamu, usichoshe ulimi. Mama huchuna ukanda mmoja upande mmoja wa shina, kamwe hazungushi, na mti alionionyesha una makovu marefu ya kupanda na kushuka na bado una majani tele. Ukizidisha msesewe, wateja hawatagomba, hawatarudi tu.

Siku ya kuchanganya, nyika inachujwa. Machicha yanakwenda kwenye banda la ng'ombe, ambao wanajua siku hiyo kwa harufu na huanza kulia mapema. Mbolea yao itarudi kwenye migomba. Maji ya nyika yanakutana na mso uliopoa na maji ya msesewe, na kwa saa za kwanza kinachopatikana ni togwa, tamu, ambayo hata mtoto hupewa kikombe. Usiku ule chachu zilizonolewa na wiki nzima ya ndizi zinakuta sukari mpya ya ulezi. Asubuhi pipa lina povu la rangi ya udongo, na ukiinama unasikia mchemko mdogo usio na moto.

Kabla mteja hajapewa, mama anachota, anakunywa mwenyewe mbele ya watu. Ni desturi ya siku nyingi, mwenye pombe aonje kwanza ili kila mtu aone haina hila, na hajaiacha kwa kuwa sasa ana kaunta. Kisha inazunguka. Vijana hunywea vikombe vya plastiki, wazee wanataka kata ya kibuyu, wakidai plastiki inabadilisha ladha. Nilijaribu vyote viwili na nawaunga mkono wazee, ingawa inawezekana ni heshima tu iliyonionjesha hivyo. Watu wanaitana "Mangi" bila kujali nani ana ukoo wa kitawala. Meku mmoja, yaani mzee, aliyekaa karibu na dirisha alikunywa, akashusha kata, akasema, "Leo ulezi umeshinda ndizi." Mama alisimama kidogo, akaonja tena, akakubali. Mvua zilikuwa zimezipa ndizi maji mengi. Hakuna aliyeomba apunguziwe bei.

Sina ugomvi na bia ya chupa. Imechujwa, imepashwa joto, vilivyokuwa hai vimekufa, na nguvu yake ni hiyo hiyo: inaweza kupanda lori hadi Mwanza, ikakaa dukani miezi, ikafunguliwa na kuwa vile vile. Mbege haiwezi. Leo ina utamu wa kubembeleza, kesho imekaza, kesho kutwa imechacha na inawafaa wachache, na kila siku kati ya hizo ina wateja wake wanaoijua na kuja siku hiyo tu. Ndiyo maana haijawahi kuushuka mlima kwa wingi. Watu ndio hupanda kuifuata, hasa Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani na kila boma linataka pipa kwa tarehe zile zile. Nayo haikuwahi kuwa ya starehe peke yake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Moshi miaka mingi, alichapisha mwaka 1926 kitabu kinene kuhusu sheria za Wachagga, na pombe imo humo kama ilivyo kwenye vikao vya leo: kwenye kuposa, kupatana, na kumlipisha aliyekosa. Shauri linaloisha kwa mbege linahitaji kupangiwa siku, na mwenye kupanga siku, kwa kweli, ni ndizi.

Nilikuwa najiandaa kuondoka pale kijana mmoja alipoingia, amevaa shati la kazini, simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimetumwa na baba mdogo. Tunahitaji mapipa mawili, ya posa."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Hii inayokuja?"

"Ndiyo, mama."

Mama alifuta mikono kwenye kanga. "Ndizi mmeshavundika?"

"Ndizi tutanunua sokoni."

Meku wa dirishani alipaliwa, jirani akampiga mgongoni. Mama hakucheka.

"Kamwambie baba yako mdogo posa iende Jumamosi ya tatu, ukianza kuhesabu na hii. Mikungu mkate leo, kabla ya jua kuzama."

"Lakini mama, wakwe tumeshawaambia."

"Basi wapelekeeni soda."

Kijana alitoka nje na simu. Tulimsikia akieleza, akikatizwa, akieleza tena, akisema ndiyo baba, ndiyo baba, hapana haiwezekani, nimemuuliza mwenyewe. Alirudi mlangoni, kiganja kikiwa kimeziba simu.

"Mama, anauliza, mikungu mingapi?"